Kitanda Kabla ya Kilio

Mimi si mtu wa kungoja. Nikibandika chai nasimama juu yake mpaka ichemke, na mara nyingi naiepua kabla. Mke wangu husema siku ya mazishi yangu nitawatangulia waombolezaji makaburini. Basi mtu wa namna hii akiambiwa kwamba zimebaki wiki saba mtoto azaliwe, na kwamba katika wiki hizo zote asinunue kitu, asitengeneze kitu, akae tu atulie kama wenzake, mnategemea afanye nini? Mimi nilikwenda Ndeeba kununua mbao.

Nyumbani niliaga kwamba naenda dukani. Duka letu liko Kikuubo, tunauza vyombo vya plastiki kwa jumla, mimi na mwenzangu mmoja. Nilifungua, nikamwachia mwenzangu beseni na ndoo zake, nikapanda boda. Kule Ndeeba mbao zimerundikwa mpaka ukingoni mwa barabara na misumeno hailali. Muuzaji aliupiga kofi ubao wa mugavu, akaniambia, "Ssebo, bwana, hii mbao imekauka kabisa. Gusa wewe mwenyewe." Niliinua ncha moja nikajua ananidanganya. Baba yangu alikuwa seremala huko kwetu Magharibi mwa Kenya, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua kuinua ubao na kusema una muda gani tangu upasuliwe. Huu ulikuwa bado unakunywa maji. Nilijua, na nikaununua hivyo hivyo, maana nilikuwa na haraka.

Kwetu mtoto hanunuliwi kitu kabla hajalia. Hanunuliwi kofia, hanunuliwi shuka, sembuse kitanda. Nguo za kwenda nazo hospitali huazimwa kwa mama ambaye watoto wake wako hai, na mtoto akishalia ndipo baba anakwenda sokoni kifua mbele. Mimba yetu ya kwanza tuliushika mwiko huo barabara. Hatukununua hata pini. Mtoto alizaliwa akiwa na miezi minane, wa kiume, na hakulia.

Niliambiwa nilete cha kumbebea. Nikashuka mpaka mtaa wanakouza majeneza, nikachukua dogo kuliko yote, lilikuwa tayari, nikalipakata mapajani ndani ya gari mpaka mpakani na ng'ambo yake, kwenda kumzika kwetu. Mke wangu alikaa kando yangu ameligeukia dirisha. Ni safari ndefu, na mtoto wa seremala akipewa muda wa kutazama kazi ya mbao ataitazama tu, hata kama ingekuwa heri asiitazame. Misumari miwili ilikuwa imepinda ikalazwa kwa nyundo. Upande wa ndani haukupigwa randa hata mara moja. Pembe moja ilikuwa imeachama kiasi cha kupitisha ukucha. Nilimchukia yule fundi nisiyemjua njia nzima, na tulipofika nilikuwa nimeanza kujichukia mwenyewe. Mtoto wangu hakupata kitu cha mbao kutoka mikononi mwangu, na alichopata kilikuwa lipualipua ya mtu mwingine. Haya sikumwambia mke wangu. Nilidhani yeye ana yake ya kutosha.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipofika miezi saba na nusu nikasema potelea mbali. Huyu atapata kitanda kwanza. Nitakichonga mimi, bila msumari hata mmoja, na kama Mungu ana mpango wa kunipokonya tena, basi safari hii atanikuta nimeshafanya jambo. Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Usiku na mchana niliogopa, na mkono wangu ukiogopa unatafuta kazi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kenya kumtunza binti yake, kwa sababu presha ilikuwa imeanza kupanda na daktari alikuwa ameagiza alale. Sasa, kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Wala si ugomvi, ni heshima. Lakini nyumba yetu ya Kabalagala ina vyumba viwili na jiko, na heshima ya kiasi hicho inahitaji nafasi. Alilala kwa jirani, Mkenya mwenzetu, upande wa pili wa uwanja. Asubuhi nikitoka yeye anaingia, jioni nikiingia yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Akiwa na neno nami alilisema kwa sauti huko jikoni kana kwamba anaongea na binti yake.

"Mwambie baba wa hapa maji ya kunywa yamekwisha."

"Mwambie mama nitaleta," najibu nikiwa sebuleni.

Mke wangu alilala chumbani katikati yetu na hata hakujisumbua kurudia. Nadhani kama si hofu ile tungecheka sana mwaka ule.

Mbao nilizipeleka Kibuli, kwenye karakana ya fundi mmoja Mnubi, mzee wa kazi asiyeinua sauti, ambaye alikubali niitumie meza yake ya pembeni. Aliitazama mugavu yangu akatikisa kichwa.

"Mkenya, hii mbao bado mubichi. Ukifunga sasa, mwezi ujao inafunguka yenyewe. Ngoja miezi tatu."

"Sina miezi mitatu, mzee."

"Kwa nini wewe nakimbia? Mtoto nakuja na siku yake."

Nilimwambia atafika na siku yake, na mimi niwe nimemaliza. Akaenda nyuma akarudi na fremu ya mlango wa zamani, mvule mtupu, iliyotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Ilikuwa imekauka tangu mimi sijazaliwa. Akaniambia nitoe humo ubao wa kichwani, wa miguuni, miguu yenyewe, sakafu na mbavu za chini, yaani mbao za pembeni. Ile mugavu niipasue fito nyembamba za ubavuni, niipange kwa vijiti katikati hewa ipite, kwa kuwa fito nyembamba hukauka upesi kuliko ubao. Fito ziwe za mwisho. Nilimshukuru, ingawa moyoni nilikasirika kwa kuwa mwisho ulikuwa mbali.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuishi maisha ya mwizi. Saa nane mchana nilimdanganya mwenzangu dukani kwamba nakwenda kumwona mke wangu, na jioni nikamdanganya mke wangu kwamba dukani palikuwa na watu wengi. Katikati nilikuwa Kibuli nikisukuma randa. Kila siku nilichukua fito moja nikaipima kwenye mizani ndogo, niliyoiazima kwa jirani wa dukani, nione kama imepungua maji. Ikipungua nafurahi, isipopungua naigeuza, naipuliza, naihamishia dirishani, nairudisha. Fundi aliniambia nitaichosha. Siku moja nilizianika zote juu ya bati nizikaushe kwa nguvu, na jioni nilikuta nne zimejikunja na mbili zimepasuka kuanzia nchani. Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa chekechea anajua. Nilizitupa nikaanza upya na sikumwambia mtu.

Kulikuwa na jambo la nafasi kati ya fito. Ikiwa pana mno mtoto atapitisha kichwa na kukwama, na mimi sikuwa nimewahi kumshika mtoto mchanga aliye hai. Jioni moja mke wangu anakula kitandani, nikamuuliza:

"Hivi kichwa cha mtoto anapozaliwa kina upana gani?"

Aliweka kijiko chini. "Unauliza ili iweje?"

"Nauliza tu."

"Na wa miezi minane?"

"Ee, hata wa miezi minane," nikasema, na nilijiona nimejibu vizuri.

Alisogeza sahani akasema ameshiba. Nilidhani ni presha. Kesho yake fundi alinitatulia kwa kikombe chake kidogo cha kahawa, akakiweka kati ya fito mbili na kuniambia, "Kikombe isipite hapa, basi. Kwisha."

Siri ya mbao haifichiki. Vumbi linaingia masikioni, linakaa kwenye pindo la suruali, linanukia. Wiki ya pili nilisikia jikoni: "Mwambie baba wa hapa maranda yake yameingia kwenye unga wa uji."

Mke wangu aliniita. "Unafanya kazi gani ya mbao?"

"Rafu. Za dukani."

"Rafu za dukani si za chuma?"

"Tunaongeza."

Akageukia ukutani. Nilipumua. Nilijipongeza kwa kuwa mwongo hodari, na nikatoka uani nikazunguka zunguka, maana ndani sikuweza kukaa. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kuhusu mbao. Alikuwa akinipokea kwa upole jioni, upole mpya, na hata alinifuta vumbi shingoni kwa ncha ya kanga. Lakini kila tulipokwenda kliniki presha ilikuwa imepanda kidogo. Walimbadilishia dawa mara mbili. Nilimwambia aache mawazo. Ndiyo, nilimwambia hivyo, na nikarudi Kibuli.

Wiki ya tano walimlaza hospitali ya Mulago. Daktari alisema watamwangalia mpaka kesho yake ndipo waamue. Msaidizi aliyeruhusiwa kukaa kitandani kwake ni mmoja, na mama mkwe alikuwa ameshakaa. Nilisimama kwenye korido. Nikitazama ndani namwona mama mkwe, naye akiniona anageuka, kwa hiyo sikutazama ndani. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilinunua maji ambayo hakuna aliyeyataka. Muuguzi mmoja aliniuliza mara mbili kama nimepotea. Mpaka saa nne asubuhi nilikuwa nimeshazunguka jengo lile mara sijui ngapi, nikamtumia mke wangu ujumbe kwamba narudi baadaye, nikakimbilia kwenye fito zangu.

Zilikuwa zimekauka. Siku hiyo mizani ilikataa kushuka kwa siku ya tatu mfululizo. Nilichonga ndimi, nikatoboa matundu, nikaingiza fito moja baada ya nyingine kwa nyundo ya mbao, na kila moja ilipokaa niliitikisa nione kama inacheza. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari na simu ndani yake, na karakana ya jirani walikuwa wanapasua magogo kwa mashine. Nilimaliza ubavu mmoja. Nilikuwa nimeinamia wa pili fundi aliponigusa bega.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Leso imefungwa kiunoni, ndala za wodini bado ziko miguuni. Macho yake yalikuwa kwa fundi, ambaye hakuwa amewahi kumwona maishani mwake.

"Mwambie huyo baba," alimwambia, "mwambie simu hubebwa kwa sababu gani."

Maskini fundi alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Mama nauliza simu iko ya nini."

Niliiweka nyundo chini nikaiokota tena. Ukimwona mama mkwe wako amevuka mji mzima kuja kukutafuta mahali ambapo hakuna anayejua uko, huna haja ya kuambiwa. Nilijua imetokea tena. Naye nadhani aliona nilivyokuwa, kwa sababu aliiacha ile heshima pale pale mlangoni, akapita juu ya maranda, akanitazama usoni. Miaka sita ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza nilijua macho yake yana rangi gani.

"Amelia," alisema. "Ni msichana. Walimpasua mama yake saa saba. Amelia mara mbili na mama yake yuko hai."

Nikakaa chini kwenye maranda. Fundi alimshukuru Mungu kwa Kiarabu, akaenda kuzima redio ambayo haikuwa imewashwa. Nililia bila aibu, mbele ya mtu ambaye kimila hapaswi hata kuniona nikinywa maji. Aliniacha nilie. Kisha nikasikia ndala zake zikizunguka meza.

"Hiki ni nini?"

"Kitanda, mama."

"Cha nani?"

"Cha mtoto."

Nilingoja karipio. Mwiko nilikuwa nimeuvunja na ushahidi uko juu ya meza. Lakini hakunikaripia. Alipitisha vidole kati ya fito, akashika moja akaitikisa, akashika ya pili.

"Nilikuja hapa," alisema. "Wiki tatu zilizopita. Binti yangu alinituma, alitaka kujua unachonga nini. Nilimuuliza kijana wa boda anakokupeleka. Nikasimama pale ng'ambo, kwa muuza mkaa. Nikaona ubao wa kichwani, na wa miguuni, na sakafu, na mbavu mbili fupi. Kitu kidogo hivi. Fito sikuziona, wala miguu."

"Hazikuwepo, mama. Zilikuwa zinakauka."

"Nikarudi nikamwambia nilichokiona."

"Ulimwambia nini?"

Aliiachia ile fito. "Kwamba unachonga sanduku."

Hata fundi alielewa, maana alitoka nje.

"Nilitaka kuja kukuvunjia," mama mkwe alisema. "Yeye ndiye aliyenikataza. Alisema tukuache. Alisema safari ile ulitaabika kulitafuta, afadhali safari hii uwe nalo tayari."

Wiki tatu. Wiki tatu mke wangu amelala kwenye kile chumba, mkono juu ya tumbo, mtoto anapiga teke, naye anajua kwamba mumewe ameshakata tamaa na kila siku mchana anakwenda kuchonga jeneza. Alinifuta vumbi la jeneza shingoni. Nami nilimuuliza kichwa cha mtoto kina upana gani. Nilikuwa nasema presha, presha, na presha yenyewe ni mimi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilijificha kwa mtu niliyelala naye. Sijawahi kujikasirikia namna ile, na nina uzoefu.

Tulikwenda Mulago kwa boda mbili. Ya kwake ilitangulia. Wodini aliingia kwanza, akazungumza naye kidogo, kisha akatoka ili mimi niingie, na tulipopishana mlangoni tulikuwa tumesharudi kwenye desturi, kila mmoja anatazama sakafu.

Mke wangu alikuwa amelala chali, midomo imemkauka. Mtoto alikuwa bado kwenye chumba cha joto pamoja na wauguzi. Nilishika mkono wake ambao haukuwa na sindano.

"Mama anasema ni kitanda," alisema.

"Ni kitanda."

"Kina mfuniko?"

"Hakina."

Alifumba macho, machozi yakateremka kuelekea masikioni, kwa kuwa alikuwa hawezi kugeuka. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kuhusu lile la kwanza, misumari iliyopinda na pembe iliyoachama, na kwamba nisingeweza kukaa bure tena mikono mitupu. Nilimwambia yote, ovyo ovyo, kwa haraka kama kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vuta ule mfuko," alisema.

Mfuko wa hospitali ulikuwa chini ya kitanda. Nikatoa nguo za mtoto zilizoazimwa, kofia iliyoazimwa, pamba. Chini kabisa, ndani ya karatasi, palikuwa na kitambaa cheupe cha pamba, laini, kimepindwa pande nne kwa mkono, uzi wa buluu, mishono midogo sana. Kazi ya siku nyingi. Nilimtazama.

"Ni cha kutandika ndani," alisema. "Lile la kwanza lilikuwa na vibanzi. Nilikuona pale mpakani ukivitoa kiganjani. Ukavitia mfukoni ili nisione."

Miaka miwili nilidhani nimemficha. Nilikikunjua kile kitambaa mapajani, na mkono wangu hauna adabu, ukaanza kupima wenyewe. Shubiri tatu kwa mbili. Alikuwa amekata sawasawa na lile la kwanza, bila kuniuliza kipimo.

"Hakitoshi," nilimwambia. "Kitanda ni shubiri sita. Kinaishia nusu."

"Ameshalia," alisema. "Nenda kanunue kingine."